Mwalimu mpya, mshahara bado: namna ya kuandaa zana za darasa na nguo za kazi kwa hela kidogo

Habari za kazi walimu. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili, huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa tisa sasa, na kila ajira mpya zikitoka napigiwa simu na wadogo zangu wanaokwenda kuripoti vijijini, maswali ni yaleyale mawili, madam nianze na zana gani, na nivae nini maana hela sina. Leo nayaandika yote sehemu moja.

Kwanza nikusimulie kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua manila na maka za rangi nikachora chati ya silabi siku tatu nzima, kila irabu nikaipa rangi yake, pembeni maua. Ilipendeza kwelikweli, mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kuiangalia. Wiki iliyofuata mwenzangu akaingia kufundisha, mimi nikakaa dawati la mwisho kabisa nasahihisha madaftari, nikainua macho kuangalia chati yangu, sioni kitu! Silabi zote za irabu e nilikuwa nimeziandika kwa njano na kutoka kule nyuma hazipo kabisa. Nikachungulia daftari la mtoto aliyekaa pembeni yangu, kaandika ba, kaacha nafasi, bi bo bu. Mstari wa pili ka, nafasi, ki ko ku. Daftari zima lina mapengo yamejipanga kama meno ya mtoto wa miaka saba. Wiki nzima nilikuwa namwekea alama ya kosa nikidhani hajui, kumbe haoni. Niliumia sana siku ile, na toka hapo kila ninachotengeneza na hata kila nguo ninayonunua naipima kwa dawati la mwisho.

HATUA YA 1: kaa nyuma kabla hujanunua chochote

Siku ya kuripoti ukishapewa darasa, subiri watoto watoke, nenda kakae dawati la mwisho kama dakika kumi. Angalia mwanga unaingilia wapi, ubao unang'aa upande gani (ukiwa karibu na dirisha kuna kona haisomeki kabisa asubuhi), paa linavuja wapi, ukuta upi umepigwa lipu na upi ni tofali tupu. Hesabu watoto. Toka elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya chini yamejaa, usishangae kukuta tisini au zaidi chumba kimoja, kwa hiyo zana moja nzuri uliyoishika mbele haitoshi, inabidi watoto wenyewe washike. Tisini ukiwagawa sita sita unapata makundi 15, shika hiyo namba maana ndiyo itakayokuongoza.

Alafu kaongee na mwalimu wa taaluma ujue shule ina nini. Mara nyingi kuna vitabu na chati vimefungiwa stoo au ofisini miaka, na kuna hela ya kapitesheni (ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi) ambayo kidogo huwa inaenda kwenye chaki na manila, uliza kwa adabu usije na madai siku ya kwanza. Na kama una simu ya kuingia mtandaoni, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, unasoma bure. Hakikisha tu unasoma vya mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, maana ukichukua andalio la somo la zamani la rafiki yako litakupoteza.

HATUA YA 2: kusanya, na uende mwenyewe

Vitu unavyovitafuta ni hivi: vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, chupa zenyewe, maboksi magumu (ya sabuni na ya biskuti ndo mazuri), viroba vya salfeti au vya mchele, mabua au vijiti, kamba ya katani. Waambie mama ntilie na wenye maduka wakuwekee, kama kuna harusi kijijini waombe wahusika, kesho yake asubuhi unaondoka na gunia zima. Ila tafadhali usiwatume watoto wakaokote jalalani wala baa, nimeshaona mtoto anarudi na kidole kimekatwa na chupa na mwingine kaleta bomba la sindano anadhani ni kitu cha kuchezea. Nenda mwenyewe, au waambie walete vya nyumbani kwao tu.

Vizibo vya chupa za soda, vile vya bati, mimi nilishaviacha kwa watoto wadogo. Kingo zake zina meno, na ukivigonga kwa nyundo vilale bado vinashika kutu. Vya plastiki vinaoshwa kwa sabuni, vinakauka, vinakaa miaka. Kwa watoto wa awali chukua vile vikubwa vya dumu, vidogo wanatia mdomoni.

HATUA YA 3: silabi kwenye vifuniko

Hii ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote na haina gharama zaidi ya maka moja ya wino usiofutika. Chagua konsonanti sita za kuanzia, mimi huwa naanza na m, k, t, l, b, n maana zinatoa maneno mengi haraka. Kila konsonanti na irabu tano, unapata silabi 30, kila silabi kifuniko chake. Makundi 15 mara 30 ni vifuniko 450, usiogope hiyo namba, andika seti tatu kila jioni baada ya wiki umemaliza. Ongeza na nyingine za ziada za ma, ka na ba, kwa sababu mtoto anayetaka kuandika "mama" anahitaji ma mbili, hiki kitu niligundua darasani watoto wananigombania kifuniko.

Kabla hujaandika futa mafuta kwa kitambaa kikavu, andika herufi ndogo za kawaida kama za kitabuni, chini ya silabi piga mstari ili mtoto ajue upande wa kusomea. Kila kundi lipe rangi yake ya alama kwa ndani, ndani siyo juu, kifuniko kikidondoka unajua ni cha nani. Weka kila seti kwenye kifuko cha kitambaa chenye kamba ya kuvutia.

Darasani unatamka neno, "kalamu", kundi linatafuta ka, la, mu, wanapanga kwenye dawati. Usiwasahihishe haraka, pita kimya uone. Utamwona mtoto ambaye kwenye daftari haandiki kitu anapanga neno lake sawasawa, mkono wake tu ulikuwa haujazoea penseli. Na utamwona mwingine kapanga "lakamu", anajua sauti zote ila hajashika mpangilio, huyo ni wa kumpigia makofi silabi moja moja mpaka akae sawa.

HATUA YA 4: chati ya kiroba badala ya manila

Manila ni nzuri ila kwa darasa lenye popo juu na mchwa chini haimalizi muhula. Kiroba cha kilo hamsini kinadumu. Kipasue mshono wa chini na upande mmoja, kifungue, unapata kipande cha kama mita moja kwa mita moja na kidogo. Kioshe, kianike kikauke kabisa. Kingo zinafumuka nyuzi, kwa hiyo washa mshumaa, pitisha ukingo karibu na moto kwa haraka bila kuugusa, plastiki inayeyuka kidogo na kujiziba. Fanyia nje, upepo usiwepo, watoto wasiwepo, na moshi wake usiuvute. Ukiogopa moto mpe fundi cherehani apige pindo.

Andikia upande wa ndani usio na maandishi ya kampuni. Chora mistari kwa penseli na rula ya mbao ndo uanze. Herufi ziwe na urefu wa vidole vitatu vilivyolala pamoja, rangi nyeusi au bluu ya kuiva, nyekundu iwe ya kupigia mstari tu, njano na kijani mbichi achana nazo. Ukishaandika mstari mmoja simama, tundika, kakae dawati la mwisho usome, ukiona unabana macho anza upya na herufi kubwa. Juu na chini pitisha fito au papi nyembamba ili isijikunje, funga kamba, tundika kwenye msumari. Ijumaa unaikunja unaenda nayo ofisini.

Ramani pia inakaa vizuri kwenye kiroba. Kwenye ramani ya kitabu chora miraba midogo ya sentimita 2, kwenye kiroba chora miraba ya sentimita 10 idadi ileile, alafu nakili kilichopo kwenye kila mraba kimoja kimoja. Hata asiyejua kuchora anaitoa Tanzania na Ziwa Victoria lake pale juu bila shida, mikoa yote 31 utaijaza baadae kwa madarasa ya juu.

Gundi usinunue. Koroga unga wa muhogo au wa ngano na maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga kama uji mzito mpaka ung'ae. Tumia siku hiyohiyo, ikilala inachacha na mende wanakuja.

HATUA YA 5: hesabu na saa

Makumi na mamoja: vijiti vilivyokatwa urefu mmoja, kumi unafunga kwa uzi kuwa fungu. Mtoto akiwa na mafungu mawili na vijiti vitatu anaona 23 kwa macho, na kutoa kwa kukopa anakuelewa pale anapofungua fungu kwa mkono wake mwenyewe. Ujazo chukua chupa mbili za nusu lita na chupa moja ya lita, ndoo ya maji, toeni nje mkamwagie.

Saa sasa, hapa pana mtego. Unakata mduara wa boksi, unaandika 1 mpaka 12, mishale miwili unaifunga katikati kwa msumari mdogo au pini, kazi ya nusu saa. Shida ni kwamba saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye 7, mtoto anaona 7 anasema saa saba na wewe unamwambia amekosea, hajui kwa nini. Mimi natengeneza mduara wa pili mdogo wa ndani, kando ya 7 naandika 1, kando ya 8 naandika 2, mpaka unazunguka wote. Wiki mbili wanasoma mduara wa ndani, wiki ya tatu naufunika kwa karatasi, wanakuwa wameshazoea kutazama ng'ambo ya mshale.

Kuhusu ubao neno moja tu. Ukipauka, ule utaratibu wa mkaa uliosagwa na majani ya kisamvu au ya maboga bado unafanya kazi, ila mkaa wa ndani ya betri kavu USITUMIE, una kemikali na watoto ndio wanaopewa kazi ya kusugua.

HATUA YA 6: nguo, na jaribio la ubao

Watumishi wa umma tuna waraka wa serikali kuhusu mavazi, za kubana, fupi na zinazoonyesha maungo hazitakiwi, omba nakala ofisini uusome mwenyewe badala ya kusimuliwa. Lakini mwalimu wa darasa la chini ana mambo yake ambayo waraka hauyajui. Wewe unainama mara mia kwa siku, unachuchumaa kumshika mtoto mkono, unaandika juu kabisa ya ubao, unakaa chini kwenye mkeka. Kwa hiyo kabla hujalipa hela popote, fanya hivi: inua mikono yote miwili juu kama unaandika tarehe, angalia kama blauzi au shati limepanda tumbo likaonekana. Inama kama unasahihisha daftari la mtoto wa mbele, shika kifua uone shingo imeachia kiasi gani. Chuchumaa, sketi au suruali ikilalamika iache hapohapo hata kama rangi yake imekupendeza vipi. Wauza mitumba wananijua, wakiniona nachuchumaa kwenye turubai wanasema madam yuko kazini.

Mitumba siku ya mnada ndo mkombozi wetu, unapata shati la kitambaa kizuri kwa buku mbili tatu kama umewahi wanapofungua belo, jioni ukisubiri unapata kwa jero ila zimebaki zilizochoka. Kama uko Mwanza mjini Mlango Mmoja panatosha, Moshi kuna Memorial, Dar wanaenda Karume. Nyanyua nguo juani, ukiona mkono wako ng'ambo basi darasani ukisimama mlangoni watoto wanakuona. Kagua kwapani, kola, zipu, na mshono wa katikati ya suruali. Nyumbani loweka maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi pande zote ndipo uvae.

Za kuanzia hazihitaji kuwa nyingi. Mwanamke sketi mbili ndefu za rangi tulivu, blauzi tatu, gauni mbili za kitenge, unazungusha mwezi mzima. Mwanaume suruali tatu za kadeti au kitambaa, mashati manne, na kama umepata ahueni shona Kaunda suti moja, inavaliwa akija mgeni wa wilayani na inavaliwa msibani. Anayenyonyesha gauni lenye vifungo mbele litakuokoa muda wa mapumziko. Dada zangu mnaovaa hijabu, ya rangi ya majivu au ya udongo haionyeshi chaki kama nyeusi, na ibaneni pini mbili maana watoto wa darasa la kwanza wanavuta.

Kitenge kabla ya kumpelekea fundi kifue, kinarudi kidogo na ukikishona kwanza gauni linakubana mwezi wa pili. Mwambie fundi aweke bitana, mifuko miwili ya pembeni yenye kina (chaki mmoja, simu mwingine), nyuma aweke rinda badala ya mpasuo, na pindo la chini aache kama vidole vinne kwa ndani ili ukinenepa au mtindo ukibadilika kuna pa kufungulia. Mabaki ya kitambaa YADAI, mafundi wengi wanayabakiza. Ndiyo hayo ninayoshonea vifuko vya vifuniko vya silabi, watoto wanatambua kabisa "hili ni gauni la madam" na wanavitunza kuliko mifuko ya nailoni.

Chaki isikusumbue. Ikimwagika kwenye nguo kung'uta au piga brashi ikiwa kavu, ukifuta kwa mkono wenye maji inakuwa uji na kuingia ndani. Wino wa maka ndio hatari, dondoshea spiriti na kandamiza kwa kitambaa cheupe kabla hujafua. Bangili zinazogonga ubao na mkufu unaoning'inia ukiinama acha nyumbani, mtoto wa dawati la mwisho anahesabu bangili zako badala ya kusikiliza.

Viatu ndo mahali pa kutoa hela zaidi kuliko nguo. Unasimama kuanzia paredi mpaka mchana kwenye saruji, kisigino kirefu kitakumaliza mgongo. Chagua vya chini vilivyofunika vidole, kunja soli katikati, ikikataa kabisa ni ngumu, ikikunjika kama karatasi imekufa. Masika vaa gambuti njiani, viatu viwe kwenye mfuko, ukifika unanawa miguu unabadilisha nyuma ya ofisi. Ndala darasani hapana jamani, hata kama kumelowa.

HATUA YA 7: Jumapili jioni

Hapa ndipo wiki nzima inapotengenezwa. Piga pasi nguo zote tano kwa mkaa mmoja, ni rahisi kuliko kuwasha kila alfajiri. Pasi ya mkaa kabla hujaanza ipeleke nje upulize majivu, isugue kwenye jani bichi la mgomba mpaka iteleze, jaribu kwenye khanga kuukuu kwanza. Usikimbilie kuacha za kuanika kwenye nyasi bila kupiga pasi, kuna nzi wanataga kwenye nguo zenye unyevu na funza wake wanaingia kwenye ngozi, joto la pasi linaua mayai.

Wakati pasi inapata moto hesabu vifuniko vya kila kundi, andika vilivyopotea, angalia andalio la Jumatatu linataka chati ipi. Alafu pakia begi: chaki iliyofungwa kwenye karatasi, maka moja, kitambaa cha kufutia mikono, na kopo dogo lenye sindano, uzi mweusi na wa bluu, vifungo viwili vitatu na pini. Hilo kopo si lako, ni la watoto. Haitapita wiki kabla kaptula ya mtu haijapasuka asubuhi, na mwenye kaptula akishachekwa ataondoka moja kwa moja nyumbani na hutamwona mpaka kesho. Mfungie khanga kiunoni, mkalishe karibu na wewe aendelee kupanga silabi zake, mapumziko ya saa nne unaishona.